Kipimo cha Mzizi na Neno "Dawa": Mfano wa Mlalo

Huko Mlalo, kama kwingineko Usambara, kemikali ya kuua magugu huitwa "dawa". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo linakosa yale ambayo maabara huyabainisha, na kwamba istilahi zetu za kitaaluma nazo hazijafanya vyema zaidi.

Kipimo mashuhuri ni cha kitunguu maji, ambacho Albert Levan wa Uswidi alikitumia mwaka 1938 kuchunguza kolichisini. Vitunguu huwekwa juu ya vikombe, vitako vikigusa maji. Kundi la ulinganisho hupewa maji matupu. Mengine hupewa kiuagugu kwa viwango vinavyopanda. Baada ya siku chache mizizi hupimwa, na hutafutwa kiwango kinachopunguza urefu wake kwa nusu. Kisha ncha hukatwa, hutiwa rangi, na seli zinazogawanyika huhesabiwa kwa hadubini.

Hapa ndipo lugha inapotukwamisha. Ripoti nyingi huishia kusema kwamba mizizi "imedumaa". Lakini pendimethalini huzuia kuundwa kwa nyuzi zinazovuta kromosomu, na ncha huvimba mfano wa rungu. 2,4-D, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1940, huiga homoni ya ukuaji. Glaifosati huzuia kimeng'enya kinachohitajika katika kuunda baadhi ya asidi amino. Kudumaa ni kumoja kwa rula tu. Twapendekeza basi "kuvimba ncha", "kuvurugika ukuaji" na "kukwama kwa uundaji" vitumike kila kimoja mahali pake.

Aidha, maji ya kikombe si udongo. Glaifosati hushikwa sana na chembe za udongo, hivyo kipimo cha majini huweza kukuza athari yake kwa mzizi wa shambani. Katika miteremko ya Mlalo, hata hivyo, udongo wenyewe husafiri. Mmomonyoko huo ndio ulioifanya serikali ya kikoloni iwalazimishe wakulima kulima matuta, amri iliyopingwa vikali na kuachwa mwaka 1957.

Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990, alieleza dhana mbili za Kishambaa: *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu. Asili yake ni mvua na utawala, wala si kemikali. Hata hivyo, kwa msikilizaji wa Mlalo jozi hiyo huuliza swali ambalo "dawa" hulikwepa: inaponya nini, na inaharibu nini? Kwenye kibandiko cha chupa, tungependelea "sumu ya magugu".