Nani Ameachwa Nje ya Mkutano?

Ndugu msomaji, mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Ukisikia mbiu kijijini kwako, unajua kuna mkutano. Labda ni habari ya ng'ombe walioibwa, au mpaka wa shamba, au mchango wa darasa la shule. Watu wanakusanyika chini ya mti. Wanasema, wanabishana, wanaamua.

Mikutano ya namna hiyo haikuanza jana. Katika somo hili tutatazama mikutano miwili ya zamani. Mmoja ni wa hapa kwetu Mara. Mwingine ni wa mbali, katika mji wa Athene, nchi ya Ugiriki. Unaposoma, jiulize swali moja: Nani alikuwa ndani ya mkutano, na nani aliachwa nje?

RITONGO YA WAKURIA

Hapo zamani Wakuria hawakuwa na mfalme. Waliishi katika nchi ndogo ndogo. Kila nchi iliitwa ikiaro. Siku hizi kwa Kiswahili tunasema koo: Wanchari, Wanyabasi, Wairege, Wakira, Watimbaru, Wanyamongo na wengineo. Kila ikiaro ilikuwa na ardhi yake, mnyama wake wa mwiko, wazee wake, na vijana wake wa kuilinda. Wazee wa ikiaro moja hawakuweza kuwaamuru watu wa ikiaro nyingine.

Mambo ya wote yalisemwa katika ritongo. Ritongo ilikuwa mkutano wa wazi. Wanaume walikaa, mwenye shauri alisimama na kulieleza. Wazee walisikiliza, wakauliza, wakapima. Aliyekosa alitozwa ng'ombe. Hapakuwa na askari wa kulipwa. Nguvu ya uamuzi ilikuwa hii: kila mtu aliusikia kwa masikio yake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuukana.

Pamoja na ritongo palikuwa na inchama. Hili lilikuwa baraza la siri la wazee wachache. Walishughulikia mila na kinga ya nchi, kama vile kupanga wakati wa tohara.

MKUTANO WA ATHENE

Sasa twende Ugiriki. Nchi hiyo iko kaskazini, ng'ambo ya Misri na ng'ambo ya bahari. Wasomaji wa Biblia wamekwisha kutana na jina la Athene. Ni mji ambao mtume Paulo alihubiri.

Kiasi cha miaka 2,500 iliyopita Ugiriki haikuwa nchi moja. Kila mji, pamoja na mashamba yake, ulijitawala wenyewe, kama ikiaro. Athene ulikuwa mmoja wa miji hiyo. Zamani ulitawaliwa na watu wa koo kubwa zenye mali. Koo hizo ziligombana mara kwa mara, na wananchi wadogo ndio walioumia.

Mwaka 508 K.K., yaani kabla ya Kristo, kiongozi aitwaye Cleisthenes alibadili mambo. Aliwagawa watu katika makundi 10 mapya. Kila kundi lilichanganya watu wa mjini, watu wa pwani na watu wa bara. Hivyo mtu alikaa katika kundi moja na watu wasio wa ukoo wake. Kila kundi lilitoa watu 50, wakapatikana wajumbe 500 wa baraza. Baadaye wajumbe hao walichaguliwa kwa kura ya bahati, na walikaa mwaka mmoja tu. Kazi yao ilikuwa kutayarisha mambo ya mkutano.

Mkutano wenyewe ulifanyika juu ya kilima kiitwacho Pnyx. Kwa mambo makubwa walitakiwa watu 6,000. Mpiga mbiu aliuliza: Nani anataka kusema? Mkulima na fundi viatu waliweza kusimama na kusema, sawasawa na tajiri. Kisha watu waliinua mikono, na wengi walishinda.

Ritongo na mkutano wa Athene vilikuwa mbali sana, lakini vilifundisha jambo moja. Watu wanaweza kujitawala bila mfalme, kama wanasema mambo yao mbele ya wote.

Lakini sasa turudi kwenye swali letu. Nani aliachwa nje?

WA KWANZA: MWANAMKE

Katika Athene mwanamke hakuruhusiwa kusema wala kupiga kura mkutanoni. Watumwa pia hawakuruhusiwa, wala wageni waliohamia mjini. Kwa hiyo watu wengi wa Athene walitawaliwa na maamuzi ambayo hawakuyatoa.

Katika ritongo pia mwanamke hakuwa na kiti. Alilima, alikamua, alilea. Lakini shauri la shamba na la ng'ombe waliliamua wanaume. Mama alipata habari jioni, mambo yakiwa yamekwisha.

Leo sheria ni nyingine. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema kwamba kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Haisemi baba peke yake. Katika halmashauri ya kijiji kuna viti vilivyotengwa kwa wanawake. Basi mlango umefunguliwa. Lakini mlango uliofunguliwa haumsaidii mtu anayebaki uani. Mama, mkutano ukiitishwa, nenda. Ukiwa na neno, inua mkono. Na wewe baba, mkeo akiwa mkutanoni, usiseme amepoteza siku. Amekwenda kazini.

WA PILI: JIRANI WA UKOO MWINGINE

Ritongo ilimaliza ugomvi kati ya watu wa ikiaro moja. Lakini mtu wa ikiaro nyingine alikuwa nje. Ng'ombe walipoibwa kwa jirani, mara nyingi jambo halikwenda kwenye maneno. Lilikwenda kwenye mishale.

Wagiriki walikuwa na ugonjwa huohuo. Mwaka 431 K.K. Athene na mji wa Sparta walianza kupigana. Vita vilidumu miaka 27, na Athene ukashindwa. Hata baada ya hapo miji ya Wagiriki iliendelea kupigana. Mwaka 338 K.K. Mfalme Philip wa Makedonia aliishinda Athene na wenzake. Miji iliyokuwa hodari kila mmoja peke yake ikawa chini ya mtu mmoja.

Hapa kwetu pia alikuja mgeni. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana mpaka huko Ulaya. Mstari wao ulipita katikati ya Wakuria, wengine wakawa Kenya na wengine Tanganyika. Hakuna ikiaro iliyoulizwa. Baadaye wakoloni waliweka machifu juu ya watu ambao hawakuwa na desturi ya kuwa na chifu. Vyeo vya machifu vilifutwa mwaka 1963, lakini mapigano ya koo hayakufutika. Hata baada ya uhuru wa mwaka 1961, mapigano hayo yameua watu na kuchoma nyumba katika Tarime.

Je, hapakuwa na dawa? Ilikuwapo, na ilitoka hapahapa Mara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, watu wa Serengeti ya leo walipata shida kubwa: uvamizi, njaa na maradhi. Wanata, Waikoma na Waisenye waliishika sana desturi ya saiga, yaani rika. Walijipanga katika saiga tatu: Abasaai, Abangirate na Abarumarancha. Mtu wa Ikoma alipofika Nata, aliwakuta wenzake wa saiga yake. Hakuwa mgeni tena. Alipewa chakula, na alisaidiwa kulinda ng'ombe. Wazee hao hawakusoma habari za Cleisthenes, lakini walipata akili ileile: kuwaunganisha watu kwa jambo lisilo ukoo.

WA TATU: ASIYEJUA KUSOMA

Athene walikuwa na desturi nyingine. Mtu mkubwa akianza kuogopwa, wananchi waliweza kumwondoa mjini kwa miaka 10. Kila mtu aliandika jina kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Vigae vikifika 6,000, mwenye jina lililoandikwa mara nyingi zaidi aliondoka.

Kuna hadithi ya kale juu ya kiongozi Aristides. Siku ya kuandika vigae, mtu mmoja asiyejua kusoma alimfuata bila kumtambua. Akamwomba amwandikie jina Aristides. Aristides akauliza: Amekukosea nini? Mtu yule akajibu kwamba hakumkosea kitu, ila amechoka kusikia kila mtu akimwita Mwenye Haki. Aristides akaandika jina lake mwenyewe, akarudisha kigae.

Aristides alikuwa mwaminifu. Je, wote ni kama yeye? Mwaka 1937 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika kisima kimoja huko Athene vigae 190 vyenye jina la kiongozi mwingine, Themistocles. Walipotazama mwandiko, waliona vimeandikwa na watu 14 tu. Inaonekana vilitayarishwa ili wagawiwe watu. Asiyejua kusoma angepewa kigae, na angekitia bila kujua kimeandikwa nini.

Ndugu msomaji, kigae cha leo ni karatasi. Ni muhtasari wa mkutano, ni hati ya shamba, ni stakabadhi ya mchango, ni karatasi ya kura. Ulipokuwa hujui kusoma, ulitia dole gumba mahali ulipoonyeshwa. Sasa unajua. Usitie sahihi kabla ya kusoma. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo omba muhtasari wa mkutano uliopita usomwe. Omba hesabu za mapato na matumizi zisomwe pia. Si ugomvi. Ni haki yako.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ikiaro: nchi ndogo ya Wakuria pamoja na watu wake.
Ritongo: mkutano wa wazi wa Wakuria.
Inchama: baraza la siri la wazee.
Saiga: rika.
Kigae: kipande cha chungu kilichovunjika.
Muhtasari: maandishi mafupi ya yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini watu walitii uamuzi wa ritongo ingawa hapakuwa na askari?
2. Cleisthenes aliwachanganya watu namna gani? Saiga ilifanya kazi gani inayofanana na hiyo?
3. Katika mkutano wa mwisho kijijini kwenu, wanawake wangapi walisema? Kama ni wachache, sababu ni nini?
4. Andika majina ya mambo mawili ambayo ungependa yasomwe katika mkutano ujao. Nenda nayo.