Somo la Mwezi: Redio ya Kikundi na Betri ya Gari



Kikundi kimoja kilichoka kununua mawe ya redio kila mara. Wakavuta waya moja kwa moja kutoka kwa betri ya gari. Redio ikatoa moshi, na pesa za mchango zikaenda hivyo hivyo. Kosa lilikuwa wapi?

Tuhesabu pamoja. Jiwe moja lina volti 1.5, kwa hivyo mawe manne ni volti 6. Betri ya gari ni volti 12, yaani mara mbili!

Tufanye hivi:

1. Tusome nyuma ya redio: inataka volti ngapi, na chanya ni upande gani?
2. Redio ya volti 6 iwekewe kipunguza-volti cha miguu mitatu, namba 7806. Hupata joto, basi kifungwe kwenye kipande cha alumini.
3. Fyuzi ya ampea 1 ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri.
4. Mawe yatolewe. Fundi apime volti kabla ya kuunganisha redio.

Tujadili: Kabla ya kujaribu jambo kwa mali ya wote, sisi humwuliza nani?