Kulea Watoto wa Paka Wasio na Mama: Usalama wa Mnyama na wa Mlezi

Vituo vya kuokoa wanyama hupokea mara kwa mara watoto wa paka ambao hata macho hawajafumbua. Kwa kuwa wachanga hao huhitaji kulishwa usiku na mchana, vituo huwakabidhi kwa walezi wa kujitolea majumbani. Kazi hiyo ni ya huruma. Lakini huruma isiyo na maarifa yaweza kumwua mnyama na kumdhuru mlezi. Somo hili linaeleza mambo ya msingi kwa pande zote mbili.

Je, kweli ni yatima?

Paka mzazi huwaacha watoto wake kwa saa kadhaa akienda kutafuta chakula. Watoto wenye joto, walioshiba na kutulia, yamkini mama yao yu karibu. Waangaliwe kwa mbali kabla ya kuchukuliwa. Waliopoa, au wanaolia bila kukoma, wahitaji msaada mara moja.

Joto kwanza, maziwa baadaye

Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa takriban gramu 100, na katika juma la kwanza hawezi kutetemeka ili ajipashe joto. Mwili ukipoa, utumbo hulegea. Maziwa hayasagwi, nayo huweza kurudi kooni na kuingia mapafuni. Kwa hiyo aliyepoa apashwe joto polepole kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, akiachiwa nafasi ya kusogea kando joto likimzidi. Ndipo alishwe.

Maziwa ya ng'ombe hayamfai, kwa kuwa yana protini na mafuta machache kuliko ya paka. Hutumika maziwa maalumu ya unga, kila baada ya saa 2 au 3 katika juma la kwanza. Alishwe akiwa kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo. Akilazwa chali kama mtoto wa binadamu, atapaliwa. Kabla ya kufikia umri wa majuma 3 hivi hawezi kujisaidia mwenyewe. Kila anapolishwa, mlezi humpangusa taratibu chini ya mkia kwa pamba yenye maji vuguvugu. Apimwe kila siku kwa mizani ya jikoni: anayekua vizuri huongezeka gramu 10 hadi 15. Asiyeongezeka apelekwe upesi kwa daktari wa mifugo.

Afya ya mlezi

Wajawazito huuliza iwapo wamwondoe paka nyumbani. Si lazima. Vimelea vya Toxoplasma gondii, viwezavyo kumdhuru mtoto aliye tumboni, huambukiza pia kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Paka aliyeambukizwa hutoa vijiyai vya vimelea hivyo katika kinyesi kwa majuma machache tu, navyo huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Asipokuwapo mtu wa kumsaidia, avae glavu, kisha anawe kwa sabuni.

Kupokea wachanga wapya kutoka mitaani ni jambo jingine. Viroboto wao hueneza bakteria wa Bartonella henselae, ambao humwingia mtu kwa mkwaruzo, nao ni hatari hasa kwa mwenye kinga dhaifu, kama vile anayeishi na VVU ambaye CD4 zake zimeshuka. Mjamzito na mgonjwa wa namna hiyo wasianze kulea kabla ya kushauriana na daktari. Walezi wote wajihadhari na choa, ugonjwa wa ngozi unaoambukiza kwa kugusana.

Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Mhudumu wa afya asilidharau jeraha kwa kuwa mnyama ni mdogo.