MTOTO ASHIKAYE FIMBO

Ukisafiri kwa njia ya gari kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, utapita Ihumwa kabla hujafika Mtumba, ulipojengwa Mji wa Serikali. Zamani Ihumwa ilikuwa kijiji cha Wagogo, wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa ng'ombe, nao walikaa katika tembe, yaani nyumba zenye dari bapa la udongo. Reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, hupita hapo. Na reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hata Dodoma mwaka 2024, imepita huko pia. Lakini somo letu si la reli. Ni habari ya watu wawili walioonekana katika njia za Ugogo hata kabla ya reli ya kwanza: mzee asiyeona, na mtoto amwongozaye.

Mzee hushika ncha moja ya fimbo, na mtoto hushika ncha ya pili akatangulia. Hivyo huenda kisimani, huenda shambani, huenda msibani na sokoni. Kazi hii ni ya heshima, na mtoto aliyelelewa vema haikatai. Walakini kila kazi ina gharama yake, na gharama ya kazi hii hulipwa na mtoto. Kengele ya shule ikilia saa moja na nusu, mzee naye ataka kwenda zahanati. Nani atamwongoza? Mama yuko shambani, baba amekwenda mjini kutafuta kibarua. Basi mtoto huacha kitabu akashika fimbo. Leo hivi, na kesho hivi, na mwisho wa mwaka wenzake wapanda darasa, yeye abaki. Kwa hiyo mtu amsaidiaye mzee asiyeona amewasaidia watu wawili kwa mara moja, ijapokuwa wengi humhesabu mmoja tu.

Sasa na tuulize: kwa nini katika nchi hii ya kati wazee wengi wamepoteza macho yao? Sababu moja kubwa ni ugonjwa uitwao vikope, au trakoma. Huletwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kijidudu hiki huhama kutoka jicho la mtoto mgonjwa kwa mikono, kwa nguo ya kupangusia uso, na kwa nzi. Nzi hupenda uso wenye tongo na kamasi. Hunywa hapo, kisha huruka akatua usoni pa mwingine. Tena nzi wa namna hii huzaa katika kinyesi cha watu kilichoachwa juu ya ardhi, wala hastawi ndani ya choo cha shimo.

Ugonjwa huanza utotoni, nao hauui jicho siku hiyo. Mtoto huugua akapona, akaugua tena mara nyingi, na kila mara ngozi ya ndani ya ukope hupata kovu. Miaka ikipita, makovu huuvuta ukope ukajikunja kwa ndani, hata kope zikaanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Fikiri maumivu ya punje moja ya mchanga jichoni. Kisha fikiri punje hiyo haitoki mchana wala usiku, mwaka mzima. Mwisho kioo hugeuka cheupe, na mwanga haupiti tena. Wanawake hupofuka kwa vikope kuliko wanaume, kwa sababu ndio wabebao watoto na kuwapangusa nyuso. Yule bibi aongozwaye kwa fimbo labda aliupata upofu wake kwa kulea.

Habari hizi zilichunguzwa sana katika nchi yetu wenyewe, huko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya huko, nayo yalionyesha kwamba watoto waliokaa na nyuso safi siku kwa siku hawakuugua vikope vikali kama wengine. Watu wa nchi kame husema, "Maji ya kunywa ni haba, ya kuosha nyuso yatatoka wapi?" Neno lao lina haki, maana kisima huwa mbali na ndoo ni nzito. Lakini jaribu mwenyewe: chukua lita moja ya maji, uyamimine kidogo kidogo mikononi mwa wenzako, uhesabu nyuso ngapi zimeoshwa kabla maji hayajakwisha. Utastaajabu.

Vikope vina dawa. Tangu mwaka 1999 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kugawiwa bure dawa iitwayo azithromaisini, ambayo watu wa kijiji kizima humeza mara moja kwa mwaka. Na yule ambaye kope zake zimekwisha kugeuka aweza kupasuliwa ukope, ukashonwa upya ili kope zielekee nje. Kazi hiyo ni fupi, nayo yaweza kufanywa katika zahanati na mwuguzi aliyefundishwa. Haimrudishii mtu macho aliyokwisha kuyapoteza, lakini huyaokoa yaliyobaki.

Ugonjwa mwingine wa wazee ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho mna kitu kiangavu mfano wa lenzi ya darubini; mtu akizeeka kitu hiki huingia ukungu, hata mzee akaona kama atazamaye katika moshi. Hapa habari ni njema zaidi, maana tabibu aweza kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya kutengenezwa, na mara nyingi mzee huona tena. Hospitali ya Mvumi, kusini-mashariki ya mji wa Dodoma, imejulikana muda mrefu kwa kazi ya macho. Basi kwa nini wazee wengine hukaa gizani na dawa ipo? Uwaulize. Mmoja atakuambia, "Sina nauli." Wa pili, "Sina wa kunipeleka." Wa tatu aogopa kisu. Wa nne ameambiwa na jirani kwamba upofu ni sehemu ya uzee kama mvi, naye ameamini. Kwa maoni yangu huyu wa nne ndiye adhurikaye kuliko wote, kwa sababu hata akipewa nauli haondoki.

Wako pia wasioweza kuponywa. Hao hawahitaji kuhurumiwa tu, bali kufundishwa njia nyingine. Ukiendelea na barabara ile ile ya Ihumwa kuelekea mashariki utafika Buigiri, ambako Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1950. Huko watoto husoma kwa vidole. Maandishi yao huitwa nukta nundu, nayo yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi; mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu alichezea chombo chenye ncha katika karakana akajichoma jicho, na jicho la pili likaharibika baadaye kwa ugonjwa ule ule. Alipokuwa kijana alitengeneza alfabeti ya nukta sita tu, tatu upande huu na tatu upande huu. Kwa kuinua nukta hizi na kuacha zile, hupatikana alama 63, nazo zatosha herufi, tarakimu, vituo na hata noti za muziki. Mwenye kuandika kwa mkono huchoma nukta kwa nyuma ya karatasi, akianza kulia kwenda kushoto. Kisha huigeuza karatasi, na maneno hupatikana yakisomeka kutoka kushoto. Jambo hili huwapumbaza wenye macho, lakini mtoto wa Buigiri hulifanya bila kuwaza.

Hapa niseme neno kidogo juu ya lugha. Kiswahili humwita asiyeona kipofu, asiyesikia kiziwi, asiyeweza kutembea kiwete, na majina hayo yote yamo katika ngeli moja na kiti na kijiko. Watu wengine husema ni dharau, nao hupendelea kusema mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu. Na ndivyo sheria zetu zisemavyo sasa. Ni kweli kwamba kiongozi na kijana wamo katika ngeli hiyo hiyo, wala hawajalalamika. Walakini adabu ya kumwita mtu ni kumwita apendavyo yeye.

Tangu zamani Wagogo hawakujenga nyumba za pekee za kutunzia wazee. Mzee alikaa katika tembe ya mwanawe, akala sufuria moja na wajukuu. Desturi hiyo ni nzuri, lakini ina mpaka. Katika njaa kuu iliyoitwa Mtunya, iliyoanza baada ya majeshi ya vita ya kwanza kuchukua nafaka na ng'ombe, kisha mvua ikakosekana, jamaa nyingi za Ugogo hazikuwa na kitu cha kumpa mtu yeyote. Jamaa isiyo na chakula haiwezi kulisha mzee hata ikimpenda namna gani. Na siku hizi, njaa ikiwa haipo, vijana huhama. Kwa sababu hiyo serikali na makanisa yametia mkono.

Mwaka 2003 nchi yetu iliandika Sera ya Taifa ya Wazee, ambayo humhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata wazee zaidi kidogo ya 2,500,000 katika Tanzania nzima. Mzee asiyejiweza hupasiwa kutibiwa bila malipo, na katika hospitali nyingi kuna dirisha la wazee, ili wasipange foleni pamoja na wenye nguvu. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo huagiza kuwe na kamati za watu wenye ulemavu hata katika kijiji na mtaa. Na tangu mwaka 2012 mfuko uitwao TASAF umekuwa ukitoa ruzuku kwa kaya maskini, na wazee wengi wamo katika kaya hizo. Zanzibar ilitangulia katika jambo moja: mwezi wa Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 au zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au hakuajiriwa. Kwa wale wasio na jamaa kabisa yako makazi ya serikali, kama Nunge kule Dar es Salaam, Kolandoto kule Shinyanga, na Sukamahela katika Wilaya ya Manyoni.

Mambo haya yote ni mazuri katika karatasi, na mengine ni mazuri kweli. Lakini dirisha la wazee halina miguu ya kumfuata mzee nyumbani. Lazima awepo mtu ajuaye kwamba katika nyumba ile ya mwisho, ng'ambo ya korongo, mna bibi asiyetoka. Amwandikishe jina, na siku ya tabibu wa macho ampeleke. Kazi hiyo ni ya mwenyekiti wa mtaa na kamati yake, na afisa ustawi wa jamii. Katika mahali kama Ihumwa haja yake imezidi. Asiyeona huijua njia kwa nyayo zake: hapa mchanga, hapa jiwe, hapa harufu ya zizi. Viwanja vikipimwa, ukuta ukajengwa katikati ya njia, na malori yakipita barabarani, ramani aliyoishika kichwani kwa miaka 40 imefutwa kwa siku moja.

Mwisho, jifunzeni namna ya kumwongoza asiyeona. Kwanza msalimu na utaje jina lako; usimwambie, "Nijue mimi ni nani." Usimvute fimbo wala usimsukume kwa nyuma. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie nusu hatua, naye atajua kwa mkono wako ukipanda na ukishuka. Mkifika penye ngazi au mfereji, simama, useme. Ukimketisha, weka mkono wake juu ya egemeo la kiti, kisha mwache aketi mwenyewe. Na ukiondoka, mwage, asije akabaki akizungumza na hewa.

MASWALI

1. Eleza jinsi ugonjwa wa utotoni uwezavyo kumpofusha mtu uzeeni.

2. Kwa nini mtu aandikaye nukta nundu kwa mkono huanza kulia?

3. Pimeni lita moja ya maji. Iliosha nyuso ngapi katika darasa lenu?

4. Ni nani katika mtaa wenu hajafika zahanati kwa kukosa wa kumwongoza? Ni siku gani, baada ya saa za shule, mtu mzima aweza kumpeleka?