Daftari Lisilofutika, Ufunguo Unaoibika: Somo Kuhusu Blokucheni



Katika vivuko vya Rubavu, Rusizi, Gatuna na Rusumo, fedha za nchi mbili huzunguka kila siku, na sasa wapo wanaotushawishi kutumia sarafu za kidijitali. Yafaa tujue teknolojia yake inalinda nini na haiwezi kulinda nini.

Blokucheni ni daftari ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi. Kila ukurasa hubeba alama ya ukurasa uliotangulia. Mtu akibadili mstari mmoja, alama hazilingani tena, na kompyuta nyingine humkataa. Hiyo ndiyo kinga yake. Hapa Rwanda, tangu mwaka 2018, imetumika kufuatilia madini ya tantalamu kuanzia mgodini.

Lakini daftari halijui kama mwandishi alisema kweli. Gunia la magendo likisajiliwa kwa jina la mgodi halali, uongo huo nao hudumu. Kwa hiyo jicho la mkaguzi na la jirani mwaminifu bado lahitajika.

Hatari ya pili imo katika programu zinazojengwa juu ya daftari hilo. Juni 2016, mwizi alitumia kasoro ya programu ya mfuko ulioitwa DAO, katika mtandao wa Ethereum, akahamisha etha zipatazo milioni 3.6.

Hatari ya tatu ni funguo za siri. Machi 2022, wezi walipata funguo 5 kati ya 9 zilizolinda mtandao wa Ronin, wakachukua mali yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600. Siku sita zilipita kabla wenyewe hawajatambua. Mnyororo haukukatwa, mlango ulifunguliwa kwa ufunguo wake.

Kwako wewe, ufunguo huo mara nyingi ni maneno 12 au 24. Ayajuaye ndiye mwenye mali, wala hakuna karani wa kurudisha kilichokwisha kutumwa. Basi:

1. Usimpe mtu yeyote maneno hayo, hata ajiitaye askari.
2. Usiidhinishe ombi usilolielewa katika simu yako.
3. Mkimbie aahidiye faida ya hakika kwa kuleta wenzako.
4. Ukiibiwa, usifute ujumbe wala namba; toa taarifa upesi kwa RIB, namba 166, au Polisi, namba 112, hata kama mwizi yuko ng'ambo ya mpaka.

Sheria Na. 60/2018 inaadhibu makosa ya mtandaoni, lakini tahadhari ni kabla ya hatari.