Kilo Zako, Mwendo Wako: Vidokezo 8 kwa Anayeanza Mazoezi

Jumamosi alfajiri barabara za Dar es Salaam hujaa vikundi vya mchakamchaka: fulana za rangi moja, nyimbo za kuitikiana, na nyuma kabisa mtu mmoja anayehema huku akijiuliza kama kweli mazoezi ni ya watu kama yeye. Ni yako, ndugu yangu, tena sana! Ila mwili wa kilo 95 na mwili wa kilo 55 ikipita barabara ileile, kazi inayofanyika ndani haiwi sawa. Oksijeni inayotumika inatofautiana, mafuta na sukari vinavyochomwa vinatofautiana, hata joto linalozalishwa linatofautiana. Ukilijua hilo, unaacha kujipima kwa rula ya jirani. Kaa mkao wa kula, tuanze.

1. Piga hesabu kwa kilo zako

Chukua uzito wako, zidisha kwa 3.5. Hizo ndizo kalori unazotumia, kwa makadirio, ukitembea saa moja kwenye njia tambarare kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Mwenye kilo 60 anapata 210. Mwenye kilo 90 anapata 315. Umeona maajabu hayo? Yule wa kilo 60 atahitaji saa moja na nusu kufikia kile ambacho wa kilo 90 amekimaliza kwa saa moja, kwa sababu kila hatua mtu anaubeba mwili wake wote, na mzigo mkubwa unadai oksijeni zaidi. Kwa hiyo ukiwa ukumbi wa mazoezi, au unatumia programu ya simu, ingiza kilo zako za kweli. Usiibe hata moja, hakuna anayechungulia! Na baada ya hapo kunywa maji. Soda ya mililita 500 ina takriban kalori 200, yaani sehemu kubwa ya jasho lako lote inarudi kwa mafunda machache.

2. Ongea, lakini usiweze kuimba

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, maana hakihitaji saa ya mkononi wala mashine. Ukitembea au kukimbia polepole, jaribu kusema sentensi nzima. Ikitoka vizuri lakini wimbo unakatika katikati, uko pazuri. Maneno yakitoka mojamoja, umezidisha. Ukiimba ubeti mzima bila shida, ongeza mwendo!

Kwa nini kipimo hiki kinamfaa hasa mwenye mwili mkubwa? Kwa sababu mwendo uleule ambao kwa mwenzako ni matembezi tu, kwako unaweza kuwa kazi ngumu inayokaribia kikomo cha moyo na mapafu yako. Na kadiri kazi inavyokuwa ngumu, ndivyo misuli inavyoacha mafuta na kukimbilia wanga, kwa kuwa wanga hutoa nishati haraka zaidi. Kwa watu wengi, kasi ya kuchoma mafuta huwa juu kabisa kwenye mwendo wa wastani, ule wa kuongea bila kuimba. Basi mwache anayekupita apite zake. Wewe unayetembea mwendo wako unaokufaa, ukamaliza dakika 40 na kesho ukarudi tena, unafaidi kuliko yule aliyetoka mbio, akachoka dakika ya tano na hakuonekana tena wiki nzima.

3. Inuka mezani, vaa viatu

Huna saa nzima? Nani anayo siku hizi! Tafuta dakika 10 hadi 15 baada ya mlo, hasa ule mlo mzito wa ugali au wali. Ukishakula, wanga unageuka sukari na kuingia kwenye damu. Kazi ya insulini ni kuisaidia sukari hiyo iingie kwenye misuli, lakini mtu akiwa na mafuta mengi, hasa tumboni na kwenye ini, misuli huwa mizito kuitikia insulini, na kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Hapo ndipo miguu yako inapokuja kuokoa jahazi: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu kwa njia yake mwenyewe, bila kuisubiri insulini.

Habari njema zaidi ni kwamba ukimaliza mazoezi, misuli inaendelea kuipokea insulini vizuri kwa siku moja hadi mbili. Ndiyo maana wataalamu wa kisukari wanashauri usipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Zunguka nyumba, peleka taka, shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako. Na kama ofisi yako ina ngazi, lifti waachie wenye mizigo.

4. Magoti yakilalamika, badili uwanja

Kuna siku goti linakataa, na linakataa kwa haki. Usilibembeleze kwa mchakamchaka wa lami. Wakazi wa pwani mna bahati: ingieni baharini, mahali salama penye watu. Maji yakifika kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wako, na yakifika shingoni hubeba sehemu kubwa kabisa. Tembea humohumo ndani ya maji, yanakusukuma nyuma na moyo unafanya kazi. Uko bara? Tafuta baiskeli na njia tambarare, maana kiti kinabeba mwili na kilo hazikugharimu kama unapokimbia. Mlima ni habari nyingine, huko kila kilo inadai chake.

5. Mizani ikigoma, chukua futi ya fundi cherehani

Umetembea mwezi mzima na mizani haijasogea? Usiitupe, na usikate tamaa! Mazoezi ya namna hii hupunguza mafuta yaliyojificha tumboni na kwenye ini hata pale uzito unapobaki palepale, na hayo ndiyo mafuta mabaya zaidi. Simama wima, tafuta mbavu ya mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, zungusha futi katikati ya hapo, toa pumzi kawaida, kisha soma. (Kuvuta tumbo ndani hakuruhusiwi!) Shirika la Afya Duniani linataja sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake kuwa mpaka ambao ukivukwa hatari ya magonjwa huanza kupanda. Andika namba yako kwenye kalenda ya ukutani, upime tena baada ya mwezi.

6. Kilo zikishuka, ongeza dakika

Hapa wengi huchanganyikiwa, tena bila kosa lolote. Umeshuka kutoka 90 hadi 80, hongera sana! Lakini matembezi yako ya saa moja sasa yanatumia kalori 280 badala ya 315, maana mzigo umepungua. Mwili haujakusaliti. Ongeza dakika 8 hivi, au tafuta njia yenye kilima kidogo, na hesabu itarudi ilipokuwa.

7. Mwembamba, nawe umo

Usicheke pembeni ukidhani haya hayakuhusu. Mtu anaweza kuwa mwembamba na sukari yake ikawa juu, hasa kama anakaa kutwa nzima na misuli yake ni michache. Wewe mahitaji yako ni kuongeza kasi au muda, na siku mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kubeba ndoo ya maji. Lengo la wiki ni lilelile kwa wote, angalau dakika 150 za mwendo wa wastani, na unaweza kuzigawa upendavyo.

8. Jua likali na dawa za kila siku

Mwili mkubwa huzalisha joto jingi ukitembea na huchelewa kulitoa, hivyo kwa unyevunyevu wa Dar au Mombasa toka alfajiri au jua likishapoa, na chupa ya maji mkononi. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, kaonane na daktari wako kabla ya kuanza, kwa sababu mazoezi nayo yanashusha sukari na huenda dozi ikahitaji kurekebishwa. Ukihisi kifua kinabana au kizunguzungu, simama hapohapo na utafute msaada. Wasio na vikwazo hivyo, anzeni leo baada ya chakula cha jioni, dakika 10 tu zinatosha kwa siku ya kwanza.