Kutoka Karagwe, nilipie daraja la biashara?

Swali: Mimi ni mkazi wa Nyakakika, Karagwe, nanunua kahawa. Nataka kwenda Johannesburg. Je, daraja la biashara lina thamani ya bei yake?

Jibu: Inategemea ndege yenyewe, ndugu yangu, kuliko jina la daraja. Ukianzia Bukoba na Air Tanzania kwenda Dar es Salaam, utapanda Dash 8 Q400 ya pangaboi: viti 76, sita tu vya biashara, huko mbele. Utapata nafasi ya miguu na huduma ya haraka, lakini kiti hakilali. Kwa safari hiyo fupi mimi ningekaa nyuma na wengine.

Toka Dar es Salaam mambo hutofautiana. Airbus A220 ya shirika hilo ina viti 12 vya biashara, vipana, vya kuegemea tu. Boeing 787 inavyo 22, navyo hulala kama kitanda. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize wakala: ndege gani? Nayo hubadilishwa dakika za mwisho, bila kukuomba radhi.

Watu wa Karagwe mna njia nyingine: Kigali kupitia Rusumo, au Entebbe kupitia Mutukula. RwandAir na Uganda Airlines zote zina daraja hilo, na zote hufika Johannesburg kwa takriban saa nne. Linganisha nauli tatu hizo, ukijumlisha basi na malazi.

Ukibeba mizigo mingi, pigia hesabu kilo za ziada. Hapo daraja la biashara huweza kujilipia. Senene wa zawadi waulizie forodhani kwanza.